Hiari na Ulazima: Kutoka Kariakoo hadi *Kichwamaji*

Jengo la ghorofa lilipoanguka Kariakoo tarehe 16 Novemba 2024, tulisema "limeporomoka", kisha tukaongeza "ni mipango ya Mungu". *Kuporomosha* kungemdai mtenda, *kuporomoka* hakumdai. Riwaya ya Kezilahabi, *Kichwamaji* (1974), haitoi mwanya huo. Wanaomsoma Kazimoto kama mateka wa elimu na malezi (usomaji mwepesi mno, kwa maoni yangu) wanapita haraka juu ya kujiua kwake, tendo ambalo kiambishi *-ji-* kinamfanya mtenda awe ndiye mtendwa. Usomaji wa kidhanaishi unaosisitiza hiari una nguvu zaidi, ila unakwama kwa mwanawe, ambaye hakuchagua maradhi aliyozaliwa nayo. Hata hivyo, *kuzaliwa* ni kauli ya kutendwa. Mtenda yupo, naye ni mzazi. Swali la wajibu linamrudia Kazimoto.