Mhusika au Dhima? Uhakiki wa Mjadala wa Mashabiki kuhusu Mchezo wa Marvel vs. Capcom: Infinite

Ikisiri

Makala hii inahakiki mjadala uliozuka mwaka 2017 miongoni mwa mashabiki wa michezo ya video ya mapigano, pale kampuni ya Capcom ya Japani ilipotoa mchezo wa Marvel vs. Capcom: Infinite bila mhusika hata mmoja wa kundi la X-Men. Mmoja wa watayarishaji aliitetea hatua hiyo kwa hoja kwamba wahusika wa mchezo wa mapigano ni dhima tu, na kwamba dhima ya aliyeachwa inaweza kubebwa na mwingine. Mashabiki waliikataa hoja hiyo kwa hasira na kwa kejeli. Makala inadai kwamba nyuma ya kejeli hiyo mlikuwamo uhakiki wa kweli kuhusu maana ya mhusika, japokuwa uhakiki huo ulikuwa na upofu wake. Inahitimisha kwa kuonyesha mafunzo ambayo watafiti na washauri wa sera wanaweza kuyapata.

1. Utangulizi

Wahakiki wa fasihi wamezoea kuwasikiliza hadhira wa ngano, ushairi na tamthilia. Mazungumzo ya wachezaji wa michezo ya video hayajapewa uzito huo, na mara nyingi huhesabiwa kuwa porojo za vijana. Hata hivyo, mchezo wa mapigano ni matini ambayo haikamiliki bila mtendaji. Anayeujadili amekwisha kuucheza, pengine kwa maelfu ya saa, na anazifahamu sehemu zake kama manju anavyozifahamu beti za wimbo wake. Kumpuuza ni kumpuuza msomaji aliyesoma kwa makini kuliko wote.

Uhusiano wa Capcom na mashujaa wa vibonzo vya Marvel ulianza na X-Men: Children of the Atom, mchezo wa mwaka 1994. Mwaka 1996 ukatoka X-Men vs. Street Fighter, ambamo wahusika wa kampuni mbili walikutana ulingoni na mchezaji akaweza kubadilishana wapiganaji wawili katikati ya pambano. Jina la Marvel vs. Capcom lilianza kutumika mwaka 1998, na mwaka 2000 ukafuata Marvel vs. Capcom 2, wenye wahusika 56 na vikosi vya watu watatu. Kwa ufupi, X-Men hawakuwa wageni waalikwa katika mfululizo huu. Ndio waliokuwa waasisi wake.

2. Chanzo cha mjadala

Mchezo wa Infinite ulitoka Septemba 2017 ukiwa na wahusika 30, na wengine sita wakaongezwa baadaye kwa malipo. Magneto, Storm, Wolverine na wenzao hawakuwamo. Wahusika wa Fantastic Four, akiwamo Doctor Doom, hawakuwamo pia. Mashabiki wengi waliihusisha hali hiyo na suala la haki za filamu. Katika miaka ya 1990 Marvel ilikuwa imeuza haki za kuwatengenezea filamu baadhi ya mashujaa wake, na zile za X-Men zilikuwa mikononi mwa kampuni ya Fox. Disney, iliyoinunua Marvel mwaka 2009, ilikuwa na kila sababu ya kuwatangaza mashujaa wa filamu zake yenyewe.

Mtayarishaji alipoulizwa kuhusu pengo hilo, hakulijibu kwa upande wa mikataba. Alisema kwamba mashabiki wapya wa Marvel huenda hata hawawakumbuki baadhi ya X-Men, lakini wanawajua mashujaa wa filamu za karibuni. Kisha akaongeza kwamba, kwa hakika, wahusika hawa ni dhima. Alimtolea mfano Magneto: anapendwa kwa sababu ana kasi na anaweza kuchomoka hewani kuelekea pande nane, na mambo hayo hayo Nova na Captain Marvel wanaweza kuyafanya.

Neno hilo moja liliwasha moto. Kwa miaka kadhaa baadaye, kila mhusika alipoachwa katika mchezo wowote wa mapigano, mashabiki walilirudia kwa dhihaka. Swali la mhakiki ni hili: je, walikuwa wamekasirika tu, au walikuwa wameona kitu?

3. Dhima kama nadharia

Kauli ya mtayarishaji haikuwa ngeni katika historia ya uhakiki. Mwaka 1928 Vladimir Propp alichapisha uchunguzi wake wa ngano za Kirusi, akabainisha dhima 31 ambazo ndizo uti wa mgongo wa ngano hizo. Kwake yeye, mtendaji anaweza kubadilika huku tendo likibaki lile lile: awe mfalme, mzee au ndege, muhimu ni kwamba shujaa amepewa nyenzo ya kumfikisha aendako. Wanafunzi wa fasihi simulizi katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki hufundishwa nadharia hiyo, na wengi wameitumia kuchanganulia ngano za jamii zao.

Tofauti iko katika matumizi. Propp alitumia dhima kueleza kwa nini hadithi nyingi zinafanana. Mtayarishaji aliitumia kuhalalisha kumwondoa mhusika mmoja na kumweka mwingine mahali pake. Zana ya uchambuzi ikawa hoja ya biashara. Kwamba vitu viwili vina umbo moja haina maana kwamba kimoja kinaweza kushika nafasi ya kingine katika moyo wa anayekipenda.

Mfano wa karibu ni Fumo Liyongo. Shujaa asiyedhurika kwa silaha yoyote isipokuwa mahali pamoja mwilini hupatikana katika masimulizi ya mataifa mengi; Akili wa Wayunani aliuawa kwa kisigino, na Siegfried wa Wajerumani alikuwa na sehemu moja dhaifu mgongoni. Kidhima, wote ni wamoja. Lakini hadhira ya Pwani iliyopokea kisa cha Liyongo kwa mdomo, na kupitia utenzi uliotungwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, haiwezi kuridhika ikiambiwa kwamba Siegfried atatosha. Sindano ya shaba kitovuni, mwana aliyemsaliti baba yake, ugomvi na mtawala wa Pate, na kaburi linalonasibishwa naye huko Kipini: vyote hivi vinamfunga Liyongo na mahali pake na watu wake.

Kiswahili chenyewe kina mwanga wa kutoa hapa. Mhusika ni yule anayehusika, yaani aliye katika mahusiano: na kisa, na wahusika wenzake, na hadhira. Neno halimtambulishi kwa anachotenda peke yake. Kwa mantiki ya neno hilo, mtayarishaji alikuwa amehesabu matendo akasahau mahusiano.

4. Uhakiki uliomo katika hoja za mashabiki

Hoja za mashabiki zinaweza kupangwa katika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni hoja za kiufundi. Wachezaji walisema kwamba dhima ya mhusika wa mchezo wa mapigano haiwezi kutengwa na sura yake. Magneto ni bwana wa nguvu za sumaku; kuelea kwake na wepesi wa mwendo wake vinamkaa kwa sababu ya jinsi alivyo. Zaidi ya hayo, thamani ya pigo moja hutegemea mapigo yaliyo jirani nalo, wenzake kikosini na uwezo wa mpinzani. Katika Marvel vs. Capcom 2, wahusika wanne walitawala mashindano kwa miaka mingi: Magneto, Storm, Sentinel na Cable. Wote wanne wanatoka katika ulimwengu wa X-Men. Ustadi wa kuwachezesha haukuandikwa na Capcom kitabuni. Ulivumbuliwa na wachezaji, mmoja akamfunza mwenzake, kama ufundi unavyorithishwa. Kumwondoa Magneto kulikuwa ni kuuondoa urithi huo wa ujuzi.

Kundi la pili ni hoja za kumbukumbu. Kwa kizazi kilichokulia mbele ya mashine za michezo za miaka ya 1990, X-Men walikuwa sehemu ya historia yao binafsi: mtaa, marafiki, sarafu ya mwisho mfukoni. Kuambiwa kwamba huenda hawakumbukwi kulisikika kama kuambiwa kwamba wao wenyewe si hadhira tena.

Kundi la tatu ni hoja za umiliki. Mashabiki waliuliza kwa nini mipaka ya haki za filamu ipenye hadi katika sanaa nyingine. Waliona pia kwamba Black Panther na Sigma, waliomo katika simulizi ya mchezo, walipaswa kulipiwa zaidi ili waweze kuchezwa. Hapa mashabiki waligusa kiini cha jambo: hoja ya dhima ilitolewa kana kwamba ni hoja ya sanaa, ilhali mazingira yote yaliashiria biashara. Hasira yao haikuletwa na pengo peke yake. Ililetwa na maelezo yaliyowadharau.

Hukumu yao ilionekana katika vitendo. Mwaka 2018 mchezo huo, ambao haukuwa umetimiza hata mwaka mmoja, haukuwamo katika orodha ya michezo ya mashindano makuu ya Evo huko Las Vegas.

5. Upofu wa mashabiki

Uhakiki wa haki hauwezi kuishia kwenye kuwasifu mashabiki. Kwanza, walisahau kwamba wao wenyewe husema lugha ya dhima kila siku. Mchezaji wa mashindano huwapanga wahusika kwa ngazi za nguvu, na huchagua msaidizi kwa ajili ya pigo lake moja tu. Kati ya wahusika 56 wa mwaka 2000, walio wengi hawakuonekana kwenye fainali kwa sababu dhima zao zilikuwa dhaifu, mapenzi hayakuwaokoa. Kauli ya mtayarishaji iliuma kwa kuwa ilikuwa nusu ya ukweli wanaoujua.

Pili, walichukulia kumbukumbu ya kizazi kimoja cha miji ya Marekani na Japani kuwa kumbukumbu ya wote. Kijana aliyewafahamu mashujaa hawa kwa filamu za baada ya 2008 ana haki ya kumtaka Captain Marvel kama mkongwe alivyo na haki ya kumtaka Storm. Katika hilo mtayarishaji hakukosea.

Tatu, kejeli yao ilimwelekea msemaji kuliko walioshika mamlaka. Mtu aliyetumwa kueleza uamuzi alibeba lawama ya uamuzi wenyewe, nao waliomiliki leseni wakapita bila kuulizwa. Ngoma ilipigwa mlangoni kwa jirani.

6. Yaliyofuata na mafunzo yake

Machi 2019 Disney ilikamilisha ununuzi wa sehemu kubwa ya mali za Fox, na haki za filamu za X-Men zikarudi kwa Marvel. Tatizo la leseni za michezo, hata hivyo, lilikuwa pana zaidi. Toleo la Marvel vs. Capcom 2 lililouzwa kwa njia ya mtandao tangu 2009 lilikuwa limeondolewa sokoni mwishoni mwa 2013, na kwa zaidi ya muongo mmoja mchezo huo haukuuzwa tena kwa njia ya mtandao. Mwaka 2021 mashabiki walianzisha kampeni ya kuutaka urejeshwe. Septemba 2024 Capcom ilitoa mkusanyo wa michezo saba ya zamani, Marvel vs. Capcom 2 ikiwamo. Kwa upande wao, mashabiki wenye ujuzi wa programu waliufanyia Infinite marekebisho yao wenyewe, wakaupa mwonekano mpya wa vibonzo. Mchezo walioukosoa vikali ndio walioutengeneza upya.

Kutokana na kisa hiki, mambo matatu yanastahili kuzingatiwa katika ukanda huu. La kwanza ni uhifadhi. Matini inayoweza kutoweka kwa sababu mkataba umekwisha muda haiwezi kutegemewa na mtafiti wala na taifa. Sera za uhifadhi wa nyaraka zinazotaja vitabu, magazeti na filamu zinahitaji kuitaja pia michezo ya video, hasa inayobuniwa na wasanii wa Afrika Mashariki.

La pili ni mikataba. Siku ambayo Liyongo au shujaa mwingine wa simulizi zetu ataingizwa katika mchezo wa kibiashara, swali la nani anamiliki sura yake, matendo yake na jina lake litakuwa limekwisha jibiwa katika karatasi za kisheria, pengine bila ya jamii yenye simulizi kuwapo mezani. Washauri wa sera wanapaswa kulitanguliza swali hilo kabla ya saini.

La tatu ni lugha ya uhakiki. Kiswahili tayari kina mhusika, dhima, mtendaji na hadhira. Maneno haya yalitosha kuuchambua mjadala mzima. Kinachohitajika ni kuyapeleka kwa wachezaji, na kuwapa watafiti wa fasihi simulizi nafasi ya kuyasikiliza mazungumzo yao kwa makini yale yale wanayowapa watambaji.

7. Hitimisho

Mtayarishaji alisema wahusika ni dhima. Mashabiki walijibu kwamba dhima huishi ndani ya mtu fulani, mwenye jina na kisa, na kwamba watu wengine wamemzoea. Jibu hilo halikutolewa kwa utaratibu wa kitaaluma, wala halikukosa upungufu. Lakini lilipambanua kati ya kufanana na kubadilishika, upambanuzi ambao nadharia ya Propp peke yake haiutoi. Mchezo unaweza kumpa Nova mwendo wa Magneto. Hauwezi kumpa miaka ambayo wachezaji waliishi naye.