Haipakalemia na Haipokalemia: Uhakiki wa Istilahi Mbili za Utabibu

Mijadala ya istilahi za Kiswahili imeelekea mno kuuliza kama neno lapendeza sikioni mwa msomi; ni nadra kuuliza neno hilo litamfanyia nini yule atakayeambiwa. Katika Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa, Toleo la 10, hali ya potasiamu kuzidi katika damu imepewa alama E87.5, na ya kupungua E87.6. Katika Toleo la 11, lililoanza kutumika mwaka 2022, alama hizo ni 5C76 na 5C77. Tarakimu moja tu ndiyo inayozitenga. Majina yenyewe yakitamkwa Kiswahili, yaani haipakalemia na haipokalemia, hutengwa na irabu moja: jozi ya kumfurahisha mwanafonolojia na kumtisha muuguzi.

Hofu hiyo ina msingi. Kiwango cha kawaida kwa mtu mzima ni takriban milimoli 3.5 hadi 5.0 kwa lita. Kikipita 6.5 moyo waweza kusimama ghafula, pengine bila dalili ya kutangulia. Tabibu huukinga moyo kwa kalisiamu, huisukuma potasiamu ndani ya seli kwa insulini pamoja na glukosi, kisha huitafutia njia ya kutoka mwilini. Hali ya pili hutibiwa kwa kumwongezea mgonjwa potasiamu ile ile.

Alama nayo ina mipaka yake. Haisemi chanzo, ugonjwa sugu wa figo, kwa mfano, una alama yake, N18. Tena chembe nyekundu zikipasuka ndani ya chupa ya sampuli humwaga potasiamu, na kipimo kikapanda ilhali mgonjwa ni salama. Ndiyo maana mweka alama hutakiwa kungoja kauli ya tabibu, asiitegemee tarakimu ya maabara peke yake.

Kasoro kubwa zaidi, hata hivyo, huzuka pale matokeo yanapofasiriwa. Nakuru ni mji wa makabila mengi, na mara nyingi Kiswahili ndicho kinachowakutanisha mgonjwa na mhudumu. Tafsiri iliyo karibu na ulimi ni “chumvi imezidi katika damu.” Mkemia ataivumilia. Lakini mgonjwa wa figo kutoka Molo au Mau Narok atapunguza chumvi ya mezani, ambayo ni ya sodiamu, na ataendelea na viazi, maharagwe na ndizi. Akinunua chumvi mbadala iliyotengenezwa kwa kloridi ya potasiamu, atakuwa ametii maneno na kujidhuru. “Magadi,” neno ambalo Bonde la Ufa limelipa jina la ziwa, halisaidii: nalo ni la sodiamu.

Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 yamtaka mhudumu, inapowezekana, amweleze mgonjwa kwa lugha anayoielewa. “Chumvi” yaeleweka upesi, na hapo ndipo ilipo hatari yake. Afadhali neno geni lisiloficha kitu: “potasiamu nyingi damuni,” na kinyume chake “potasiamu kidogo damuni.” “Nyingi” na “kidogo” haziwezi kuchanganywa hata na aliyechoka usiku wa manane. Istilahi za Kiyunani na zibaki katika majalada. Mgonjwa aongezewe na maelezo ya jikoni: viazi vimenywe, vikatwe vipande vidogo, vichemshwe kwa maji mengi, na maji hayo yamwagwe.