Bika Mbili za Mkwawa

Siku moja katika miaka ya 1960, Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Sekondari ya Mkwawa, Iringa, aliikuta maabara ya baiolojia iko wazi. Akachukua bika mbili ndogo, moja akaijaza maji ya bomba, nyingine maji ya moto, akaziweka kwenye sehemu ya kugandishia ya jokofu. Baada ya saa moja akachungulia. Hakuna iliyoganda yote, ila bika ya maji ya moto ndiyo iliyokuwa na barafu nyingi zaidi.

Jambo hilo lilikuwa likimsumbua tangu 1963, alipokuwa kidato cha tatu Magamba, mkoani Tanga. Wanafunzi walitengeneza aiskrimu kwa kuchemsha maziwa, kutia sukari, kisha kusubiri yapoe. Nafasi ya jokofuni ilikuwa finyu, naye akaingiza ya kwake yangali moto. Yakaganda kabla ya ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa kabisa. Mwalimu alimwambia amechanganyikiwa.

Mimi huvutiwa zaidi na namna alivyolichonga swali lake. Dk. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam, alipokuja Mkwawa kuzungumza na wanafunzi, Mpemba hakumweleza habari za aiskrimu. Alimuuliza: ukichukua vyombo viwili vinavyofanana, vyenye maji ya ujazo sawa, kimoja nyuzi 35, kingine nyuzi 100, ukavitia jokofuni, cha nyuzi 100 kinatangulia kuganda, kwa nini? Maziwa na sukari vimeshawekwa kando. Kinachotofautiana ni joto peke yake. Wenzake walicheka. Osborne alimuuliza kama amejaribu mwenyewe, kisha akaahidi naye kujaribu.

Fundi wa maabara ya chuo alichofundisha Osborne aliporudisha majibu, yalikuwa yale yale ya Mpemba, na akaahidi kurudia mpaka lipatikane jibu sahihi! Majaribio yaliyofuata yalifanywa kwa uangalifu unaostahili heshima. Chini ya bika waliweka kipande cha povu la plastiki, maana bika ya moto ingeweza kuyeyusha sakitu iliyo chini yake, ikagusana vizuri zaidi na ubaridi. Walitumia maji yaliyokwisha kuchemshwa, ili hewa iliyomo isiwe sababu. Walipima maji yanayopotea kwa mvuke. Hayakutosha kueleza tofauti. Kisha wakatandaza mafuta kidogo juu ya maji, na kuganda kukachelewa kwa saa kadhaa. Basi joto lilikuwa likitokea juu. Maji ya moto hupanda, ya baridi hushuka, na uso wa bika iliyoanza na moto huendelea kuwa na joto kuliko sehemu ya chini, hivyo hupoteza joto haraka.

Makala ya Mpemba na Osborne ilitoka 1969 katika jarida la Physics Education. Ubishi haujaisha. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walipima upya na hawakuona ushahidi wa kutosha wa jambo hilo. Walionyesha kuwa kusogeza kipimajoto juu au chini kwa sentimita 1 tu kunaweza kubadili jibu. Kwa hiyo ukitaka kujaribu mwenyewe, uwe Iringa au Mbeya, tumia vikombe vya aina moja, pima maji kwa bomba la sindano, weka kitu kisichopitisha joto chini yake, na kila unaporudia vibadilishane nafasi ndani ya friza.