Sentensi Yenye Mlango Mmoja

Waliofanya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi nchini Kenya, kabla haujazikwa mwaka 2023 wanaikumbuka karatasi ya Kiswahili: maswali 50, majibu manne kila moja, penseli mkononi. Wasichokumbuka ni kwamba kila jibu lisilo sahihi lilikuwa na mtu aliyekaa kitako akalitunga. Kutunga jibu sahihi ni kazi rahisi. Uhodari umo katika yale matatu mengine.

Chukua swali hili, nililolitunga kwa mtindo wa watunzi hao: *Mwaka jana mvua ____ mapema, wakulima ____ mahindi.* A, ingenyesha, wangalipanda. B, ingalinyesha, wangepanda. C, ingalinyesha, wangalipanda. D, ingelinyesha, wangalipanda.

Sarufi ya shuleni inataka ulinganifu: -nge- iende na -nge-, -ngali- na -ngali-, -ngeli- na -ngeli-. Jibu ni C. Lakini tazama jinsi njia nyingine zilivyozibwa. Viambishi vya ngeli ni sahihi katika majibu yote, kwa hiyo mtahiniwa hawezi kuokolewa wala kuangushwa na upatanisho. Anapimwa jambo moja tu. D ndilo ninalolistahi zaidi. Linamnasa anayejua kwamba -ngeli- na -ngali- zina maana moja, akasahau kwamba hazichanganywi. Huyo ni mwanafunzi mzuri, na mtunzi anamfahamu.

Sasa yale maneno mawili, "mwaka jana". Yaondoe, swali linaharibika. Mtu akisema "ungalilala mapema jana, sasa usingesinzia", anachanganya viambishi, na mantiki yake haina kasoro: sharti limepita, tokeo lipo leo. Mimi binafsi nisingemsahihisha kwa kalamu nyekundu. Mtunzi makini anajua ubishi huo upo, ndiyo maana anayasukuma matukio yote mawili mwaka jana, B ikose pa kushika. Na tazama asichokiweka: *ingenyesha, wangepanda*. Mitaani watu huisema hivyo hata kwa mambo yaliyokwisha pita. Angeiweka, walimu wangegawanyika.

Katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, karatasi ya Kiswahili ya 102/2, sehemu ya matumizi ya lugha yenye alama 40 haina majibu ya kuchagua, na ufundi unahamia ndani ya sentensi yenyewe. "Kanusha: Mgeni amekula na kunywa." Maneno manne ambayo mtoto yeyote anayaelewa. Hata hivyo -me- lazima igeuke -ja-, na wengi watakimbilia "hakula", ambalo ni kanusho la "alikula". Ile ku- ya "amekula" lazima idondoke. Halafu "na" inakuwa "wala". Mitego mitatu katika sentensi isiyojidai, na mwongozo wa kusahihisha unapaswa kuwa tayari kupokea "hajala wala kunywa" pamoja na "hajala wala hajanywa". Mtunzi ambaye hakuiona hiyo ya pili kabla ya mtihani ataiona wakati wa kusahihisha, akiwa amechelewa.

Kuna swali jingine ambalo fundi hulikwepa. "Kanusha: Mzee hulima bondeni" halina tatizo, jibu ni "Mzee halimi bondeni". Ligeuze uwaambie watahiniwa wayakinishe "Mzee halimi bondeni", na umejichongea. Hu- ya mazoea haina kanusho lake yenyewe, inaazima lile la wakati uliopo. Atakayeandika "hulima" ana haki, na atakayeandika "analima" ana haki vilevile. Mtunzi mzembe huwa na jibu moja tu kwenye mwongozo wake. Aliye hodari huongeza "sasa hivi" mwishoni mwa sentensi, akaendelea na swali linalofuata.