Kupima Ubora wa Injini Ndogo ya Mvuke ya Karakana

Sifa zinazomiminiwa siku hizi injini ndogo za mvuke, yaani zile za zamani zilizozungusha mashine za karakana kwa mkanda, huishia kwenye rangi mpya na shaba iliyong'arishwa, ilhali ufa uliojazwa pati na kupakwa rangi humhadaa mtazamaji mpaka siku moto utakapowashwa.

Kinachopaswa kufunguliwa kwanza ni kasha la vali, sanduku la chuma lililo ubavuni mwa silinda, ambamo vali bapa huteleza juu ya uso wenye matundu, ikiruhusu mvuke uingie upande mmoja wa pistoni huku uliokwisha kazi ukitoka upande wa pili. Fundi wa kweli hakuumalizia uso huo kwa msasa, kwa sababu msasa hula kingo kuliko katikati. Alipaka wino wa buluu kwenye bamba lililonyooka, akaligusisha kwenye uso huo, akakwangua kwa mkono sehemu zilizoshika wino tu, akarudia mpaka madoa yakaenea kote. Alama zake ni fupi, hafifu na zenye kukatizana. Walaghai wanalijua hilo, hivyo hukwangua urembo kwenye nyuso za nje, ndani wakaacha mikwaruzo mirefu ya msasa.

Mnunuzi asiyeruhusiwa kufungua kasha na asikilize bomba la kutolea mvuke: injini inayosukumwa pande zote mbili za pistoni hupumua mara mbili kwa kila mzunguko, kwa vipindi sawa, na mluzi usiokatika kati ya pumzi hizo ni dalili kwamba vali au pistoni inavuja. Kwa ladha tu, gurudumu zito linalotuliza mwendo liwe na spoki zilizopinda, na rangi iwe moja tu, kijani iliyoiva.

Mafundi wa enzi hizo waliziheshimu nyuso za ndani kuliko kitu kingine. Wajerumani walipoizamisha wenyewe meli yao Graf von Goetzen katika Ziwa Tanganyika, Julai 1916, mafundi waliipaka kwanza mitambo yake ya mvuke grisi nzito. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, bado ikienda kwa mvuke. Uangalifu wa namna hiyo sasa ni adimu mno.

Mwenye injini kama hizi asimwite mpaka rangi kabla kasha la vali halijafunguliwa.