Hongera, Wapiga Picha wa Dirishani
Mpiga picha anayeingia sebuleni kumpiga picha mtoto na paka, akazima taa na flashi na kusogeza kochi karibu na dirisha, anastahili pongezi. Flashi humkurupua paka na kuyafanya macho yake yawake kijani. Mtoto naye hufumba yake.

Kazi si lelemama. Kila hatua kutoka dirishani mwanga hupungua mno, kwa hiyo mtoto huwekwa karibu, ubavu ukielekea kwenye nuru. Jua likiwa kali, pazia jepesi jeupe hulipoza. Upande wenye kivuli, shuka nyeupe hurudisha mwanga usoni. Kisha fundi hulala kifudifudi, kamera ikiwa usawa wa macho ya paka, spidi ya shata 1/250 ya sekunde au zaidi, maana mkia hautulii. ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ikipanda hadi 1600 picha huwa na chengachenga. Na ziwepo! Afadhali chenga kuliko picha iliyotikisika.

Mbinu hii si mpya. Mwaka 1864, katika kisiwa cha Wight, Uingereza, mpiga picha Julia Margaret Cameron aligeuza banda la kuku lenye vioo kuwa studio. Watoto walilazimika kutulia dakika kadhaa. Wa leo hawalazimishwi. Ninaowasifu zaidi ni wapiga picha ambao, mtoto akinuna, huomba chai na kuendelea kupiga soga na bibi yake.