Nafasi ya Baa ya Bree katika The Lord of the Rings

Ni rahisi kwa mhakiki kuipita baa iitwayo Prancing Pony. Katika riwaya hii ya J.R.R. Tolkien, iliyotoka kwa juzuu 3 kati ya 1954 na 1955, baa hiyo inashika takriban sura 2 kati ya 62. Ndani yake mna pombe, wimbo, mwenye baa mnene asiyekumbuka neno, na mahobiti wanne waliochoka. Msomaji hucheka, kisha huwafuata wasafiri nyikani akidhani amepumzishwa tu. Maoni yetu ni kwamba hapo ndipo hadithi ilipopata mwelekeo wake.

Neno lenyewe latusumbua. Kilabu ni mahali pa pombe tu. Nyumba ya wageni haina kelele za wanywaji. Pony ni vyote viwili, pamoja na zizi la farasi, nasi tumeiita baa kwa kukosa neno bora.

Tuanze na shutuma nzito, yaani ya sadfa. Husemwa kwamba mwandishi amemweka Strider pembeni mwa chumba kwa sababu tu alimhitaji. Lakini Bree imejengwa penye njia panda, na Strider hakuokotwa mle. Aliwasikia mahobiti barabarani akiwa nyuma ya ua wa miti, akawafuata, akaruka lango. Vilevile jasusi wa kutoka kusini amefika kwa njia yake, akaketi miongoni mwa wanywaji wengine. Nyumbani kwa Frodo mgeni hubisha hodi na kueleza ajali yake. Nyikani mgeni ni adui mpaka athibitishwe vingine. Baani mtu hukaa bila kuulizwa. Kwa hiyo rafiki na mpelelezi waweza kukitazama kitendo kile kile, Frodo anapoanguka kutoka mezani, Pete ikamwingia kidoleni, akatoweka mbele ya umati.

Kuna ushahidi wa nje pia. Katika barua ya 1955 kwa mshairi W.H. Auden, Tolkien alikiri kwamba Strider aliyeketi pale pembeni alimshtua, na kwamba hakumjua zaidi ya Frodo alivyomjua. Miswada ya awali, iliyohaririwa na mwanawe Christopher na kuchapishwa mwaka 1988, yaonyesha kuwa mtu yule alikuwa hobiti aitwaye Trotter, mwenye viatu vya mti. Mfalme ajaye, basi, hakuwa katika ramani ya msanii. Aliingia kwa mlango ulioachwa wazi kwa kila mteja.

Na Butterbur, mwenye baa? Katikati ya mwaka Gandalf alimwachia barua ampelekee Frodo, ikimhimiza aondoke kabla ya mwisho wa Julai. Butterbur akasahau. Frodo anaipata mkononi mwishoni mwa Septemba, huku Wapanda Farasi Weusi wakimzunguka. Hakuna msaliti katika kitabu hiki aliyekaribia kuleta maangamizi kwa urahisi namna hii, na sababu ni kazi tu: mteja huyu aita, yule adai, jambo moja lafukuza jingine. Kosa limezaliwa na ukarimu wenyewe. Ndiyo maana Gandalf, aliyekwenda pale kwa ghadhabu, anaishia kuibariki bia yake kwa miaka 7 aliposikia kwamba Strider alikuwa amewachukua mahobiti. Wapo watakaoona ni mzaha. Sisi twaona ni hukumu iliyopimwa sawasawa.

Wasafiri wanaporejea, vita vikubwa vimekwisha, lakini lango la Bree limefungwa, watu wameuawa kijijini, na chumba cha wanywaji ki karibu kitupu. Butterbur anaarifiwa kwamba Strider sasa ni mfalme. Anashangaa sana, hata haamini vyema. Ambalo alikwisha kulieleza kirefu, na kwa uchungu, ni kwamba biashara imekuwa mbaya.